Shingo ya Mbuzi, Shingo ya Mtu

Kwa miaka mingi hakukuwa na harusi ya Waislamu mjini Kisangani iliyofanyika bila kisu cha Lukumani, isipokuwa harusi za watu waliokuwa wamegombana na ukoo wake. Ukoo wenyewe ulikuwa wa wachinjaji tangu babu yao, aliyefika na misafara ya pembe kutoka Nyangwe, akaona mto ni mpana na miguu imechoka, akabaki. Mkubwa wao siku zile alikuwa Yakubu, mdogo wa marehemu baba yake Lukumani, mtu mnene mwenye sauti ya kuamuru hata akiomba maji ya kunywa. Yakubu ndiye aliyepanga nani achinje wapi, nani achune, nani achukue vichwa. Alimpenda Lukumani kuliko alivyowapenda wanawe wa kuwazaa, na wanawe walilijua hilo.

Kuchinja kila mtu wa ukoo aliweza. Kilichomtenga Lukumani ni kupasua. Wenzake walimmaliza mbuzi kwa nguvu na kelele, mfupa huku, nyama kule. Yeye alifuata ule utando mwembamba unaotenga nyama na nyama, akapitisha ncha ya kisu polepole, na mbuzi akafunguka bila kuchanika. Mwaka 1957 daktari mmoja Mzungu, mwalimu wa anatomia katika shule ya wauguzi, alipita sokoni akasimama kwenye meza yake nusu saa nzima. Hakununua kitu. Wiki iliyofuata alirudi na kazi: awe mwandalizi wa maiti za kufundishia.

Maiti hizo zilikuwa za watu waliofia hospitali na hakuna aliyekuja kuwadai. Lukumani alikubali siku hiyohiyo. Mshahara ulikuwa mzuri, hakuna haja ya kuficha, lakini si mshahara tu. Alikuwa amefungua maelfu ya mbuzi na hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kumuuliza ameona nini ndani.

Habari ilifika kwa Yakubu kabla Lukumani mwenyewe hajafika. Mzee alimwita uani, mbele ya ndugu wote, wala hakumkaribisha kiti.

“Mukono yenye inapasula batu haiwezi kuchinja tena mbuzi ya kula,” alisema. “Kisu uache pale.”

Lukumani akakiacha. Kuanzia siku ile akapita harusini kama mgeni, akapewa sahani yake, akala, akaondoka. Nyumbani Mwanahamisi, mkewe, alimwogesha uani kwa ndimu na majivu kila jioni kabla ya kumruhusu kugusa mlango, kisha akampa lituma yake, ndizi za kupondwa, na samaki bila mazungumzo mengi. Alikuwa mwanamke wa haki: hakumsifu na hakumsuta.

Mwaka 1959 daktari alimpa kazi ambayo ingeonyesha alichoajiriwa kufanya. Alitaka ubao mmoja mkubwa wenye shingo na kifua cha mtu, upande wa kushoto, na juu yake moyo pamoja na neva zake zote, yaani ile mishipa ya fahamu inayouambia moyo uende mbio. Alimchorea njia yake kwenye karatasi, haraka haraka, kama watu wanavyomchorea mgeni njia ya kwenda posta. Neva hizo hutoka katika uti wa mgongo, usawa wa mbavu nne au tano za juu, na kuingia katika mnyororo wa mafundo unaolala ubavuni mwa uti. Kutoka hapo hupanda shingoni. Shingoni kuna mafundo matatu, la chini likiwa kubwa, limekaa mbele ya shingo ya ubavu wa kwanza, na kila fundo huteremsha uzi wake hadi kwenye moyo. Juu ya moyo nyuzi hizo hukutana, kama nyavu mbili zilizotupwa pamoja, na nyuzi za neva nyingine, inayoshuka kutoka kichwani, ambayo kazi yake ni kinyume: inauzuia moyo usikimbie ovyo. Moja inasukuma, nyingine inashika breki, na mtu anaishi kati yake.

Lukumani alikaa na maiti aliyopewa kwa kazi hiyo miezi minne. Ilikuwa ya mwanamume wa makamo, mwenye mabega ya kupiga kasia. Kifuani kazi ilikwenda vizuri mno. Mnyororo ulitokea fundo kwa fundo, mweupe, safi, na uzi mmoja mwembamba kuliko wa cherehani aliufuata siku tatu mpaka ulipozama nyuma ya mshipa mkubwa wa damu. Alifika kwenye lile fundo kubwa la chini akiwa na furaha ya mtu aliyeona paa la nyumba yake.

Shida ilianza shingoni, na ilianza kwa sababu Lukumani alijua mno. Shingo alikuwa amezikata tangu ujana. Katika shingo ya mbuzi, kando ya mshipa wa damu, kuna kamba moja nyeupe, nene, na ndani ya kamba hiyo neva zote mbili, ya kusukuma na ya kushika breki, zimefungwa pamoja katika ala moja. Kila mchinjaji ameikata maelfu ya mara. Basi Lukumani alifungua ala ya mshipa wa damu wa yule mtu, akaikuta kamba nyeupe mahali pake, akatabasamu, akaisafisha vizuri. Utando na mafuta yaliyokuwa nyuma ya ala, yamelala juu ya misuli ya uti, aliyakwangua akayatupa kwenye ndoo. Ndani ya yale mafuta mlikuwa na neva yenyewe. Kwa binadamu zile mbili hazisafiri pamoja. Ya kusukuma moyo hupanda peke yake, nyuma.

Alipomaliza aliona fundo la chini limebaki na ncha inayoning’inia, haifiki kokote. Akafikiri ni mkono wake uliokata mahali zilipoungana. Aliona haya, maana jambo hilo halikuwahi kumtokea. Akachukua uzi wa hariri, akaishona ile ncha kwenye kamba nyeupe pale ambapo kwa mbuzi zingekutana, mishono minne midogo isiyoonekana. Kwake yeye hakudanganya, alirekebisha alichokiharibu.

Ubao ulitiwa kwenye sanduku la kioo lenye fomalini mwezi wa sita mwaka 1960. Mwezi wa saba uhuru ulikuwa na siku chache tu, Wazungu wakaanza kuondoka kwa ndege na kwa meli, na daktari alipita shuleni na masanduku mawili, kitabu chake kikubwa cha picha kikiwa ndani ya mojawapo. Aliutazama ubao kutoka mlangoni. “Très bien, Lukumani,” akasifu, akaenda zake. Hivyo ndivyo ubao ulivyokaguliwa.

Aliyeshika shule baada yake ni Constant, mganga msaidizi kutoka familia ya wavuvi wa Isangi, kijana mwembamba ambaye koti lake jeupe lilipigwa pasi hata mji ulipokosa mkaa. Vitabu vilikuwa vichache, na cha picha hakikuwepo kabisa. Constant alifundisha moyo kwa kutumia ubao wa Lukumani, na kila mwaka aliwaambia wanafunzi wasimame sawasawa waone kazi ya mikono ya mtu wa Kisangani, si ya Ulaya. Lukumani, akifuta meza pembeni, alisikia. Sifa ile ilimtosha badala ya harusi zote alizozikosa.

Kisha mwaka 1962 ikaja maiti nyingine, ya mwanamke mzee, naye akaifungua shingo polepole kwa kuwa hakuwa na haraka siku ile. Nyuma ya ala ya mshipa wa damu, juu ya misuli ya uti, akaona uzi mweupe unapanda peke yake. Akaufuata juu hadi fundo refu chini ya fuvu, na chini hadi kwenye fundo kubwa. Haukuungana na kitu. Akaenda upande wa pili wa shingo, vilevile. Alikaa kwenye kigoda akavua glavu. Hakuwa amekata kitu kwenye ubao wake kwa bahati mbaya. Alikuwa ameitupa neva na kushona shingo ya mbuzi juu ya kifua cha mtu.

Hakusema. Alijiambia ubao ni wa kufundishia tu, hakuna mtu atakayekufa kwa ajili ya mishono minne. Alijiambia atamweleza Constant wiki ijayo, na wiki hiyo ikawa miaka miwili. Tusimsingizie mambo makubwa: aliona aibu, basi. Alikuwa amekiacha kisu cha ukoo kwa ajili ya kazi hii, na kazi yenyewe ndiyo ile.

Mwezi wa nane mwaka 1964 waasi waliingia mjini wakiwa na majani vichwani, na meli kutoka Léopoldville zikaacha kuja. Hospitali ilibaki wazi chini ya ulinzi wao. Constant aliachwa hai kwa sababu alijua kutoa risasi mwilini. Ghala la dawa lilipungua rafu kwa rafu.

Mwezi wa kumi wanawe walimleta Yakubu amebebwa kwenye kiti. Alikuwa amekonda. Kila alipotembea hatua ishirini kifua kilimbana, maumivu yakashuka mkono wa kushoto kwa upande wa ndani hadi kidole cha mwisho, na sasa yalimjia hata akiwa amelala. Vile vidonge vya kuweka chini ya ulimi viliisha siku ya tatu. Baada ya hapo mzee alilia huku akiuma meno, jasho likimtoka, na kila shambulio lilikuwa refu kuliko la jana. Constant aliwaeleza wanafunzi kwamba habari ya uchungu wa moyo na habari ya ngozi ya upande wa ndani wa mkono huingia katika uti wa mgongo kwa mlango mmoja, juu kabisa ya kifua, na kichwa kinashindwa kutofautisha nani amebisha hodi. Uchungu huo unapita katika zilezile neva zinazousukuma moyo. Katika kitabu kidogo cha tiba alikuwa amesoma mistari sita, bila picha: ukichoma sindano ya novokaini mahali pa fundo kubwa la chini ya shingo, njia inafungwa na uchungu unaweza kutulia. Novokaini ilikuwepo. Asubuhi hiyo aliwapeleka wanafunzi mbele ya ubao.

“Bon,” alisema, kidole juu ya kioo. “Kamba inatoka ku fundo, inaingia hapa, mu kifuko moja na artère, mushipa ya damu. Donc sindano inapita hapa, kando kabisa ya artère. Leo saa ine tutamufanyia papa Yakubu.”

Lukumani alikuwa na ndoo mkononi. Alijua shingo ile kuliko mtu yeyote mle chumbani: mahali Constant alipoonyesha, sindano ingeingia kwenye mshipa wa damu unaokwenda kichwani, dawa ingefika ubongoni kwa pigo moja la moyo, na mzee angekakamaa na kufa mikononi mwao. Alijua pia kwamba akinyamaza hakuna atakayejua kamwe kwa nini. Hatuwezi kusema hakulifikiria hilo. Alilifikiria muda wa kuweka ndoo chini.

“Munganga,” alisema, “ile si shingo ya mutu.”

Constant hakuelewa.

“Ya chini ni ya mutu. Hapa juu nilishonaka. Niliona kama ku mbuzi, nikashona kama ku mbuzi. Ya kweli iko nyuma, na niliitupaka mu ndoo.” Alisimama akitazama sakafu. “Tangu miaka mbili minajua.”

Constant alivua miwani, akakikaribia kioo, akaitafuta mishono akaiona yote minne. Alipozungumza sauti yake haikupanda.

“Miaka ine,” alisema. “Nimefundisha batu mia moja shingo ya mbuzi. Wamoja wao beko Basoko, beko Yanonge, na sindano mu mukono.” Akarudisha miwani. “Mahali ya kweli unaijua?”

“Minaijua.”

“Alors, twende.”

Yakubu alikuwa amekalishwa kitandani, mito mitatu mgongoni. Alipomwona aliyefuatana na mganga akageuza uso.

“Huyu asiniguse. Si ku shingo.”

Constant alianza kumweleza, lakini hakumaliza. Maumivu yalikuja yenyewe, mzee akajikunja, akashika kifua, midomo ikawa ya majivu. Yalipolegea kidogo alikuwa anapumua kama mtu aliyepandisha gunia ghorofani. Alimtazama mwana wa kaka yake, ambaye hakuwa ameingia nyumbani mwake kwa miaka saba.

“Guseni,” alisema. “Guseni tu.”

Lukumani alimlaza bila mto, akamwinua kidevu. Mikono yake ilipogusa ngozi ilikuwa kazini. Aliingiza vidole viwili kati ya koromeo na msuli mnene wa shingo, akausukuma mshipa wa damu upande wa nje hadi ulipokuwa unadunda mgongoni mwa vidole vyake, akabonyeza taratibu hadi mfupa. Akatafuta kanundu ka mfupa kwenye pingili ya sita ya shingo. Akakapata.

“Hapa, kati ya vidole vyangu. Mpaka ku mfupa, halafu urudishe kidogo.”

Constant alipitisha sindano, akagonga mfupa, akarudisha upana wa nywele mbili, akavuta bomba. Hapakutoka damu. Akavuta tena ili awe na hakika, kisha akasukuma dawa polepole, akihesabu kwa Kifaransa chini ya pumzi.

Walingoja. Baada ya dakika kadhaa kope la kushoto la Yakubu lilianza kushuka, kama la mtu anayesinzia upande mmoja. Mboni ya jicho hilo ikawa ndogo kuliko ya pili. Mkono wa kushoto ukapata joto na kukauka jasho. Mtu asiyejua angetishika, lakini Constant alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu waasi waingie, maana zilikuwa dalili zenyewe: njia imefungwa. Yakubu aliuchezesha mkono. Akavuta pumzi ndefu, akasubiri uchungu, haukuja.

“Umekwenda,” alisema, na machozi yakamtoka kwa jicho zima na lile lililolala.

Walimchoma mara tatu nyingine mwezi ule. Vidole vya kusukuma mshipa vilikuwa vilevile vya Lukumani.

Lukumani hakufukuzwa. Constant aliufanya ubao kuwa somo: kila darasa jipya liliambiwa hapa ni mtu, hapa ni mbuzi, na aliyeshona ndiye yule pale na fagio. Wanafunzi wakamwita Papa Mbuzi. Aliitikia. Wakati mwingine Constant aliposahau, yeye mwenyewe alikuja akaonyesha mishono. Barua za kuwasahihisha wauguzi wa mtoni ziliandikwa siku ileile ya sindano ya kwanza, zikakaa mezani kwa kuwa hakukuwa na chombo cha kwenda Basoko.

Mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja mji ulichukuliwa kutoka kwa waasi. Zilipita siku za ndege na risasi, halafu wiki za kuzika. Watu walizikwa penye nafasi, na wengi hawakujulikana ni nani.

Mwezi wa kumi na mbili Yakubu alikuja shuleni kwa miguu, akipumzika kila pembe. Alitaka kuona mahali huyu mtoto wa kaka yake alipojifunzia shingo ya mtu. Lukumani alimpeleka mbele ya sanduku la kioo. Mzee alitazama kwa muda mrefu, bila kufunika pua.

“Alikuwa nani?”

“Sijue, Tonton. Aliletwaka bila jina.”

“Umekaa naye siku ngapi?”

“Miezi ine. Na hapa, miaka ine na nusu.”

“Na hukuuliza.”

Lukumani alikuwa anaujua kila uzi wa mtu huyu, hata ule alioutupa, na kwa miezi minne hakumuuliza karani wa hospitali alitoka kijiji gani.

“Huyu njo aliniponyesha,” Yakubu alisema. “Si wewe, si munganga. Na hana kaburi.”

Constant alipinga mtu yule kuzikwa, na alikuwa na haki: atafundisha na nini? Lukumani akamwambia atamchorea. Kwa siku nne alichora ukutani kwa makaa, shingo na kifua kikubwa kama mlango, neva ya nyuma ikipanda peke yake mahali pake. Constant alilinganisha na maiti iliyokuwepo, hakupata kosa. Siku ya tano Lukumani alimtoa yule mtu kwenye ubao. Alimwosha fomalini kwa maji mengi, akamkunja katika kitambaa cheupe ambacho Mwanahamisi alikikata bila kuulizwa kitu.

Makaburini palikuwa na mashimo mapya kila upande, na moja dogo halikumshangaza mtu. Imamu aliyekuja alikuwa amechoka. Alikuwa ameswalia watu tangu asubuhi. Aliuliza kama huyu ni Mwislamu. Hakuna aliyejua. Akauliza basi ni nani, mwana wa nani.

Lukumani alikipakata kile kifurushi cha kitambaa cheupe.

“Sema iko mutoto ya kaka yangu,” Yakubu alisema. “Mukubwa wa huyu.”

Imamu alimtazama Lukumani, akatazama kile kifurushi kilivyo kidogo, akainua mikono. Lukumani, ambaye hakulia siku alipoachishwa kisu wala siku alipoitwa Papa Mbuzi, alilia pale kwa sauti, akasimama ukingoni mpaka Yakubu akamshika bega na kumwambia asogee, watu wapate kufukia.